Uteo wa Mbegu za Murembe: Siku 12 Shinyalu

Siku ya 1, Jumatatu

Nimeondoka Nakuru kungali giza. Nguo begi moja, vifaa katoni moja: vipande vitatu vya plaiwudi, gundi nyeupe ya mbao, msasa, koleo ndogo, keke ya mkono, na chupa ya turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, niliyoinunua Mombasa. Baridi ya Mau Summit ilinishika hadi Kericho. Ahero nikavua sweta. Kisumu nikabadilisha gari: Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Khayega nikashuka, katoni ikafungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira wa tairi, tukashika barabara ya Shinyalu, Kaunti ya Kakamega.

Januari inaishia. Mahindi yalishavunwa, udongo umekauka, na kila kiunga kando ya njia kina kitu kilichopasuka na kumwaga mbegu. Ndiyo sababu niliomba kuja wakati huu. Mvua kubwa ikianza Machi, nusu ya hizi zitakuwa zimeshaoza au kuota.

Nyumba ni ya mwalimu wa sanaa aliyestaafu. Ametenga vyumba viwili kwa wasanii na anapokea wachache kila mwaka. Masharti yake ni mawili tu: utumie kinachopatikana papa hapa, na kabla ya kuondoka uwaonyeshe majirani ulichofanya. Anaishi na mama yake, ambaye wote hapa humwita Kukhu, yaani bibi, nami nimeambiwa nimwite hivyo hivyo.

Kukhu alinikuta nikipanga vifaa barazani.

"Mulembe, mjukuu wangu. Umekuja kufanya nini na hizi mbao?"

"Mulembe, Kukhu. Natengeneza picha kwa mbegu za mwituni. Nazipanga kwa rangi, kisha nazibandika."

Akachukua gundi, akainusa, akairudisha mahali pake.

"Na ukishazibandika, zitaota vipi?"

Nikamjibu kwamba hizo si za kuota, ni za kutazamwa. Hakusema neno. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa ameshafika kwenye katoni na mkono uko ndani. Nilimnyang'anya chupa ya turituri kwa haraka hadi akalia.

Nimeifungia begini kwa kufuli. Mmea huu wa mturituri nimeupenda tangu nilipoona kayamba ikitengenezwa pwani, maana Wamijikenda hutia mbegu zake kati ya tabaka mbili za mabua na ndizo zinazotoa ule mvumo wa mvua. Lakini ndani ya ganda lile gumu mna sumu kali. Mtoto akimeza nzima huenda ikapita tumboni bila madhara. Akiitafuna moja tu, maisha yake yako hatarini. Na mbegu iliyotobolewa kwa ajili ya uzi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mlango umeshafunguliwa. Katika nyumba yenye mtoto anayeonja kila kitu, turituri hazitatoka begini.

Siku ya 2, Jumanne

Mwalimu amenipitisha kwenye mipaka ya mashamba ya majirani na kunitambulisha boma kwa boma, ili nisionekane nikivizia viunga vya watu. Tumeafikiana kwamba nitaokota kilichoanguka, sitachuma kilicho mtini, na chini ya kila mti nitaacha zaidi ya nilichochukua.

Mti wa lusiola nilikuwa naujua kwa jina la Kijaluo, siala. Maganda yake ni marefu na membamba kama kamba, na ukilipasua moja, mbegu zinatoka na mabawa meupe, nyepesi kiasi kwamba nikiongea karibu nazo zinaruka. Musine nao tunao tele Nakuru, wengi kule huuita mukinduri. Kokwa lake lina vyumba vitatu na mbegu moja kila chumba.

Kisha tukafika kwenye mti wa murembe.

Msimu huu hauna jani hata moja. Gome lake ni nene, limepasukapasuka kama nyayo za mtu aliyetembea peku maisha yote, na juu ya matawi matupu yamesimama maua ya rangi ya kaa la moto. Ndege chozi walikuwa wanapigania maua hayo kwa kelele. Chini yake yametapakaa maganda ya kahawia yenye manyoya, yamebanwa kati ya mbegu na mbegu hadi yanafanana na mkufu. Nilichuchumaa, nikafungua la kwanza. Zilikuwamo tatu, nyekundu, zinang'aa kama zimepakwa vanishi, kila moja na doa la kijivu-jeusi ubavuni. Nilikaa pale chini ya mti kwa muda wa karibu saa mbili.

Vitabu vya miti huuita mwamba-ngoma kwa Kiswahili. Kuwamba ni kuvuta ngozi ikaze juu ya ngoma, na mti wake kweli ni mwepesi, huchongwa ngoma, vigoda na mizinga. Lakini hapa ni murembe, jina lililo karibu sana na ile salamu, mulembe.

Nimeokota 214. Jioni nilizimwaga kwenye uteo wa Kukhu barazani, na yeye akaanza kuzipepeta bila kuombwa, makapi yakatoka, mbegu zikabaki. Nikamuuliza nani aliipanda mirembe ile ya mpakani.

"Baba mkwe wangu. Alikata vigingi, akavichomeka, vikashika."

"Hakutumia mbegu?"

"Nani angengoja mbegu? Kigingi kinakupa mti ule ule. Mbegu inakupa mgeni." Akaendelea kupepeta. "Lakini mgeni pia hutakiwa afike."

Siku ya 3, Jumatano

Nimeingia msituni upande wa Isecheno pamoja na kijana anayeongoza wageni. Huku nimekwenda kutazama tu. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, huokoti kitu. Isecheno ni ya shirika la misitu, na hata huku sikutaka kubeba. Eneo lililotengwa la Msitu wa Kakamega ni kilomita mraba kama 240, na msitu huu ndio ncha ya mwisho, upande wa mashariki, ya misitu ya mvua ya namna ya Kongo. Mbegu ya humu ina kazi ya kutosha.

Njiani kulikuwa na usufi mweupe umetanda kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Ulitoka kwenye maganda ya mutondo, ambayo hupasuka juu kabisa kisha kila mbegu inashuka na mwavuli wake wa hariri. Juu yetu kima walikuwa wanakula. Kiongozi wangu akaniambia nitazame mashavu. Kima hujaza matunda mashavuni, huenda kukaa mti mwingine, hutafuna nyama ya tunda na kutema mbegu huko huko. Hondohondo humeza zima, kisha huitapika mbegu mbali na mti mama. Nilisimama kusikiliza vitu vidogo vikidondoka kwenye majani makavu, tap, tap, na kila mdondoko ulikuwa mbegu imefika mahali.

Akanionyesha mwiritsa wenye makovu ya zamani shinani. Gome la mti huu huuzwa ng'ambo kwa dawa ya tezi dume, na liliuponza kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe vya mwituni. Nikamuuliza kuhusu mbegu zake, kama ningeweza kuziweka. Akatikisa kichwa. Mbegu ya mwiritsa ikikaushwa na kuwekwa inakufa upesi. Sharti ipandwe mbichi mbichi. Murembe ni kinyume chake, ganda lake likikauka linaweza kungoja miaka. Kumbe hata kungoja hazikupewa sawa.

Siku ya 4, Alhamisi

Nimebandika. Plaiwudi ya kwanza, mbegu 63 za murembe katika mzunguko unaojifunga kama konokono, lusiola pembeni. Ilipendeza. Mwalimu ameisifu. Kukhu amepita mara mbili.

Siku ya 5, Ijumaa

Kijito kilicho chini ya shamba kina majani marefu kama ya mahindi machanga, na kwenye ncha zake kuna punje za kijivu, nyeupe na nyeusi, ngumu, laini, umbo la tone la chozi. Nilipoziona nilipiga kelele. Punje hizi zimezunguka dunia kutoka Asia ya Kusini-mashariki, na kila zilipofika watu wamezitungia shanga, kwa sababu moja: zina tundu tayari. Ukivuta ule utambi mkavu uliobaki wa ua, uzi unapita toka upande huu hadi ule. Hakuna keke, hakuna kupasuka.

Nilimpelekea Kukhu gao moja. Akazitazama, akacheka kwa furaha.

"Rozari yangu ya kwanza ilikuwa ya hizi. Tulizitunga wenyewe, wasichana, tukaenda nazo misheni ya Mukumu."

Akaanza kuzihesabu kwa vidole, kumi, kumi, midomo ikisogea. Niliondoka taratibu nikamwacha.

Siku ya 6, Jumamosi

Kabla ya mapambazuko niliamshwa na ngoma na pembe. Kulikuwa na mapigano ya fahali upande wa Khayega, na watu walikuwa wanampeleka fahali wao kwa isukuti. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Asubuhi hii haikusikika kama kitu kinachokufa. Ilitikisa dirisha langu, ikapita, ikaenda.

Kwa kuwa usingizi ulishakatika niliwasha taa nikaenda kutazama ubao wangu.

Unga. Chini ya mzunguko wangu mwekundu palikuwa na unga laini wa rangi ya njano, na juu ya mbegu kadhaa palikuwa na tundu la duara, safi kama limepigwa na fundi. Kando ya matundu vifuniko vidogo vyekundu vilikuwa vimelala. Na kwenye kona ya plaiwudi fukusi wawili walikuwa wanatembea polepole, wa kijivu-kahawia, wadogo kuliko punje mbili za wimbi zikiunganishwa.

Nilikaa sakafuni nikaumia sana. Kazi ya siku nzima, na niliyodhani imekamilika, ilikuwa imeanza kuliwa kabla sijaigusa. Mama fukusi hutaga yai juu ya ganda. Kiwavi hutoboa akaingia, akala ndani gizani. Anapokaribia kugeuka hujikatia dirisha chini ya ngozi ya nje bila kulifungua. Ndiyo maana siku ya kuokota huoni kitu. Akishakuwa mkubwa husukuma kifuniko, akatoka.

Nilikumbuka ombi la rafiki yangu aliye Ujerumani, kwamba nimtumie kibahasha cha mbegu kwa posta. Nimemwandikia leo kuwa sitatuma. Mbegu kuvuka mpaka inahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea, na sasa naona kwa macho yangu kwa nini. Fukusi mmoja wa Afrika wa jamii hii ya miti ameshafika Hawaii, na huko amevamia mbegu za mti wao wa asili, wiliwili, ndugu wa murembe. Yaelekea alisafiri ndani ya mbegu nzuri.

Mwalimu alipendekeza nizioke kwenye jiko la mkate. Fukusi wangekufa, na mbegu pia. Nikamwambia ngoja. Nilichukua ndoo ya maji, nikamwaga mbegu zote ambazo sikuwa nimezibandika. 88 zikaelea, 63 zikazama. Zinazoelea ni tupu, zimeliwa au zinaliwa. Zinazozama zina uzito wa kitu kilicho hai. Basi zile 63 zilizozama nikazikausha upesi kwa kitambaa, nikazianika kivulini siku nzima, na jioni tukazitia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, tukazipeleka kwa friza ya duka la Shinyalu.

Baridi huua fukusi aliyebaki ndani, lakini mbegu kavu ya namna hii haiuawi na barafu. Yenye maji ndani ndiyo hupasuka. Hazina ya mbegu ya Svalbard kule Norway, iliyofunguliwa 2008, huweka mbegu za dunia kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza nzuri ya duka hukaribia hapo. Mwenye duka aliziweka kati ya maziwa na sambusa, akanidai shilingi 50 kwa siku nne, nikamlipa kwa moyo mkunjufu.

Usiku. Swali la Kukhu limerudi na limekaa. Sikuwa nimewahi kujiuliza, katika miaka yote ya kubandika, ni ngapi kati ya mbegu zangu zilikuwa hai nilipozimwagia gundi.

Siku ya 7, Jumapili

Sikufanya kazi. Tulikula ugali wa wimbi na mrenda, na baada ya chakula Kukhu alinisimulia kuhusu kuapa kwa murembe. Wezi, wagomvi wa mipaka, mtu aliyekana mtoto, wote waliletwa mbele ya mti huu. Mwongo hakuthubutu, maana iliaminika kwamba kiapo cha uongo kwa murembe hakimwachi mtu hai. "Ndiyo maana tuliupanda mpakani," akasema. "Huwezi kusogeza mpaka mbele ya shahidi."

Siku ya 8, Jumatatu

Nimekwenda Kakamega mjini. Nilihitaji uzi wa fundi viatu, ule uliopakwa nta, na sindano ya gunia. Fundi mmoja karibu na stendi aliniuzia uzi, kisha akanionyesha jinsi ya kuupitisha kwenye nta mara ya pili ili usiteleze.

Mji huu miaka ya 1930 ulifurika wachimba dhahabu. Mgodi wa Rosterman uko hapo jirani, na hadi leo wanawake wanachekecha mchanga kwa karai kwenye vijito vya Ikolomani. Nilipokuwa ndani ya matatu nikirudi niliwaza kwamba kule India masonara walipima dhahabu kwa turituri, mbegu moja ikiwa uzani mmoja, kwa kuwa zinalingana sana. Zile zilizofungwa begini mwangu. Mbegu kama jiwe la mizani, mbegu kama sauti ya kayamba, mbegu kama sala. Watu wamezitumia kwa namna nyingi bila gundi.

Nimerudi nimeshaamua. Ubao wa kwanza nimeuzamisha kwenye beseni, gundi ya maji ikalegea usiku, asubuhi ninazibandua.

Siku ya 9 na ya 10, Jumanne na Jumatano

Kati ya zile 63 za ubaoni, 22 zilikuwa na matundu. Nyingine zilikuwa zimelowa maji. Hizo nilizikwaruza ubavu kwa msasa, mbali na doa, nikazipanda papo hapo kwenye mikebe ya maziwa ambayo Mwalimu huiweka nyuma ya jiko. Sitakuwepo kuona zitakachofanya. Nimezimwachia Kukhu.

Matundu sasa. Nilipokuwa nimeshika mbegu moja iliyoliwa, nikainua juu kwenye mwanga wa dirisha, mwanga ukapita. Mbegu ya murembe ni kubwa kiasi cha kulisha fukusi wawili hata watatu, na kila mmoja hutokea mlango wake. Nilichukua sindano, nikasukuma unga nje kwa mwiba wa mlimau, nikaipitisha. Uzi uliingia tundu hili ukatokea lile.

Nimekuwa nikitoboa mbegu kwa keke kwa miaka mingi, na katika kila kumi hupasua tatu. Hapa kulikuwa na fundi aliyetoboa kwa ustadi kunishinda, na mbegu aliyoitoboa hainyimi dunia mti, kwa kuwa ilishaliwa. Niliita Mwalimu kwa sauti kubwa hadi jirani akauliza kuna nini.

Hivyo kazi imejipanga yenyewe. Mbegu zilizokufa ndizo za kushonwa kabisa. Zilizo hai zikae kwenye kazi kama abiria, zishikwe tu, ziweze kushuka.

Nilipotafuta cha kushonea, plaiwudi haikufaa, haina mahali pa sindano. Kukhu akatoka jikoni na uteo ule ule wa siku ya pili, mzee, mweusi pembeni kwa moshi, umelegea upande mmoja.

"Huu haupepeti tena vizuri. Chukua."

Nikakataa kwa adabu, akasisitiza, nikaupokea kwa mikono miwili.

Ukingo wote nimeuzungushia punje za kijitoni, nyeupe na kijivu, mistari mitatu. Ndani yake nimeshona mbegu zilizoliwa, zile 22 pamoja na zilizoelea ambazo zilikuwa na matundu mawili au zaidi, jumla 71, tundu likitazama juu ili lionekane. Sikuficha hata moja. Wekundu wake ni ule ule, bado unang'aa, lakini kila moja ina duara la giza katikati. Zilizokuwa na tundu moja nilizirudisha chini ya mti. Nyingine bado zilikuwa na wadudu ndani, na wao pia nyumba yao ni hapa.

Katikati nimeacha uwazi wa mviringo. Jumatano mchana nilichukua mfuko kutoka friza, nikauacha upate joto wenyewe hadi jioni kabla ya kuufungua, ili mbegu zisilowe kwa umande. Nikachagua 40 na kuziweka moja moja chini ya kitanzi cha uzi chenye fundo la kuteleza. Ukivuta mkia wa uzi, kitanzi kinafunguka, mbegu inaangukia kiganjani. Nilijaribu fundo nne kabla ya kupata linaloshika bila kubana. Zile 23 zilizobaki nimezirudisha kwenye mizizi ya murembe wa mpakani.

Vidole vimekatwa na uzi wa nta. Nimelala saa nane usiku.

Siku ya 11, Alhamisi

Majirani walikuja saa kumi jioni, watu wazima 26 na watoto ambao sikuwahesabu. Mwalimu alitundika uteo kwenye ukuta wa baraza, jua la jioni likaupiga ubavuni, vivuli vya mbegu vikawa virefu. Chai ya maziwa, viazi vitamu, nduma.

Walitazama kwa heshima, mikono nyuma. Mzee mmoja akataka kujua kama matundu niliyatoboa mimi. Nikamweleza habari ya fukusi, akaita wenzake wote wakaja kusikiliza, kwa maana kila mmoja pale amewahi kupoteza gunia la maharagwe kwa ndugu za fukusi hao. Mama mmoja akasema hakuwahi kufikiri kwamba angemwona mdudu huyo amefanya kitu cha kutazamika.

Kisha nikawaambia kwamba zile za katikati ni hai, na anayetaka avute uzi, achukue. Nikaeleza: ukwaruze ubavu kwa msasa au jiwe, uloweke usiku mmoja, upande mwanzoni mwa mvua, na mtoto asitie mdomoni, kwa kuwa hizi pia zina sumu.

Hakuna aliyesogea. Kitu kilichotundikwa ukutani watu wamezoea kwamba hakiguswi. Nilisimama pale moyo ukinidunda, nikiogopa kwamba nimeelewa vibaya, na kwamba uteo utarudi Nakuru na mbegu zote 40.

Kukhu akaondoka kwenye kiti chake. Alichukua muda kufika. Akaweka kiganja cha kushoto chini, akavuta uzi kwa mkono wa kulia. Kitanzi kikafunguka. Akaifunga mbegu kwenye pindo la leso, akaikaza fundo kwa meno, akarudi kukaa.

Baada ya hapo ilikuwa kama foleni ya kisimani. Mzee wa matundu alichukua mbili, moja ya mwanawe aliyeko Nairobi. Wasichana wawili wa shule walibishana ni ipi nyekundu zaidi. Mtoto wa miaka mitatu alilia tena, na safari hii mama yake alichukua yake, akamwonyesha, akaiweka ndani ya kitambaa.

Giza lilipoingia zilibaki tisa. Katikati ya uteo palikuwa na nyuzi 31 zinazoning'inia, kila moja na mkunjo pale fundo lilipokuwa. Nilikaa nikiutazama kwa taa ya sola hadi watu wote walipokwenda. Nilitaka kuzikata nyuzi zile zibaki nadhifu. Sikuzikata.

Siku ya 12, Ijumaa

Kukhu alinisindikiza hadi barabarani. Mikebe nyuma ya jiko bado ilikuwa udongo mtupu, nilichungulia mara mbili kabla ya kuondoka.

"Nitakupigia," akasema. "Zikitoka, nitakupigia."

Uteo nimeupakata. Kisumu utingo alitaka kuutupa kwenye buti pamoja na mizigo, nikamsihi, akaniruhusu nikae nao mbele. Tulipopita Ahero, mashamba ya mpunga pande zote mbili, mama niliyeketi naye aliuliza zile nyuzi tupu katikati zilikuwa zimeshika nini. Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mti huo ungekubali udongo wa kwao.

"Tafuta mahali maji hayatuami, mama. Hapo jaribu."

Akavuta nyuzi mbili. Akashukia Awasi.

Nakuru nimefika saa moja usiku. Zimebaki saba.